Pima Watu Kabla ya Kupima Skrini: Kupanga Sebule ya Sinema Katika Nyumba za Eastlands

Baada ya Idi Kubwa ya mwaka uliopita tuliingiza nyumbani kwetu, mtaa wa Umoja, runinga ya inchi 65 pamoja na spika tano na sabufa moja. Fedha zake zilichangwa na ndugu wanne kwa muda wa miezi minane, na nia ilikuwa njema: vijana waache kukesha katika vibanda vya kuonyeshea mpira, na wasichana wapate pa kutazama filamu na tamthilia kwa staha, ndani ya mlango wao. Fundi alikuja Jumamosi adhuhuri, na kabla ya magharibi kila kitu kilikuwa ukutani. Usiku ule tulikaa sote tukatazama, tukasifu.

Wiki ya tatu Bibi alihama sebuleni. Hakugombana na mtu wala hakulalamika. Alichukua kiti chake kifupi, akakaa jikoni na tasbihi yake kila usiku mpaka saa ya kulala. Tulipomfuata kumuuliza alijibu kwa upole: "Wanangu, pale mliponiweka naona shavu la skrini tu, na kila apitaye ananigonga magoti."

Siku chache baadaye binti wa jirani yetu alibisha hodi. Baba yake alikuwa amefariki mwezi mmoja kabla, nasi tulikwenda mazikoni na tukahudhuria hitima. Tulijua vyema kwamba mama yake yumo edani. Binti alisimama mlangoni akasema: "Mama anawasalimu. Anauliza kama mnaweza kuizima ile ngoma ifikapo saa nne. Kichwa cha kitanda chake kimeegemea ukuta huu."

Tuliona haya tusizoweza kuzieleza. Mjane hukaa ndani miezi minne na siku kumi. Mtu mwingine akikerwa na kelele hutoka, akaenda kwa dada yake au akazunguka mtaani mpaka zitulie. Mwenye eda hana pa kukimbilia. Kwa wiki tatu tulikuwa tumempigia ngoma kichwani, nasi tulidhani kwamba tumefunga mlango na tumo katika sitara yetu.

Makala haya ni matunda ya aibu hiyo. Familia nyingi za Eastlands sasa zinataka sinema ya nyumbani, nasi hatuoni ubaya wake ikiwa kinachotazamwa ni cha heri. Lakini tumejifunza kwamba katika nyumba ndogo skrini ndiyo jambo la mwisho kupimwa. Kwanza hupimwa watu: wa ndani, wageni, na wa upande wa pili wa ukuta.

Nyumba zilizojengwa kabla ya skrini

Ni vyema kukumbuka nyumba zetu zilitoka wapi. Pumwani ilianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, na Waislamu wengi wa Nairobi, wakiwemo watu wa asili ya pwani, walijenga huko nyumba za mtindo wa Kiswahili: ukumbi mwembamba katikati, vyumba huku na huku, na ua nyuma. Kaloleni ilijengwa katika miaka ya 1940, nyumba zake zikizunguka viwanja vya majani. Runinga ilipoanza kurushwa nchini Kenya mwaka 1962, mitaa hiyo ilikuwa imeshasimama. Wajenzi wake hawakupata kuwaza ukuta wa kutundikia picha inayotembea.

Iliyofuata ilijengwa wakati runinga ipo, lakini ipo kama sanduku dogo kwenye meza ya pembeni. Buruburu ilianza mwaka 1973. Dandora ilifuata katikati ya miaka ya 1970 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ambapo mwananchi alipewa kiwanja chenye maji na choo, akajijengea vyumba kadiri ya uwezo wake. Umoja nayo ni ya muongo huo huo, na leo nyumba zake nyingi za chini zimegeuka kuwa ghorofa za kupangisha. Sebule imebaki ile ile au imepungua, huku skrini zikikua kila mwaka.

Kwetu pwani wazee walishakutana na tatizo la chumba chembamba. Katika majumba ya mawe ya Lamu upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti ya mkoko iliyobeba dari, nayo haikuzidi sana mita mbili na nusu hadi tatu. Chumba kiliweza kurefuka kitakavyo, ila hakikuweza kutanuka. Hivyo wakazipanga nyumba zao kwa mfululizo, chumba nyuma ya chumba, kutoka penye wageni hadi ndani kabisa penye faragha, na milango wakaipanga ili anayesimama nje asione moja kwa moja hadi ndani. Hawakuwa na skrini, lakini walijiuliza swali ambalo sisi hatukujiuliza: nani atakaa wapi, na nani atamwona nani?

Chaki sakafuni

Anza na chaki na utepe wa kupimia kabla ya kwenda dukani. Sebule yetu ina upana wa mita 3 na urefu wa mita 3.9, yaani takribani futi 10 kwa 13. Ukubwa huu, pungufu kidogo au zaidi kidogo, ndio wa sebule nyingi za ghorofa za Umoja, Donholm na Kayole. Ondoa vitu vyote vinavyoweza kuondoka, kisha chora sakafuni kwa utaratibu huu.

Kwanza chora njia. Mtu aliyebeba sinia anahitaji sentimita 75 hadi 80 apite bila kugusa magoti ya mtu. Chora njia kutoka mlango wa nje hadi jikoni, vyumbani na chooni. Njia hizo si mali ya kochi. Njia ikipita kati ya watazamaji na skrini, kila filamu itakatizwa mara ishirini, na atakayelaumiwa ni mama anayeleta chai.

Pili, chora watu. Kochi la kawaida hula sentimita 90 kutoka ukutani. Mtu aliyeketi mkekani anahitaji upana wa sentimita 60 au 70. Hesabu watu wa kila siku, kisha hesabu wa Ijumaa jioni wageni wanapokuja. Mkongwe wa nyumba mchoree mahali pake kabla ya wengine wote: karibu na skrini kiasi cha macho yake, mbali na mlango, na penye kiti anachoweza kuinuka bila kushikwa mkono. Laiti tungefanya hivi tangu mwanzo, Bibi asingehamia jikoni.

Tatu, chora mswala. Katika nyumba nyingi za huku sebule ndipo familia inaposwali jamaa, na mswala mmoja huchukua kama sentimita 70 kwa 115. Kutoka Nairobi kibla kiko karibu kaskazini kabisa, kimeinamia mashariki kidogo. Kwa hiyo skrini ikitundikwa ukuta wa kaskazini, kila sala itakuwa mbele ya kioo cheusi kinachoakisi nyuso zenu. Ukuta wa kusini ni bora, kwa kuwa mkiswali mnaupa mgongo. Ikiwa hakuna budi ila kaskazini, shoneni pazia dogo la kuifunika, na liwe jambo la kila siku.

Nne, tazama jua. Nairobi iko karibu sana na mstari wa ikweta, hivyo dirisha la mashariki hupigwa na jua asubuhi na la magharibi hupigwa tangu alasiri mpaka magharibi, wakati ule ule watoto wanapotoka shule na madrasa wakataka kutazama. Skrini inayotazamana na dirisha hugeuka kioo cha kujitazamia. Skrini iliyo kando ya dirisha huwaumiza macho kwa mwanga unaoshindana nayo. Penye hiari, dirisha liwe ubavuni mwa watazamaji. Pasipo hiari, nunua pazia zito la tabaka mbili kabla ya kununua spika.

Mkishachora haya yote, sehemu iliyobaki nyeupe ndiyo ya sinema. Msishangae ikiwa ni ndogo kuliko mlivyodhani.

Umbali na kimo

Inchi zinazotajwa dukani ni za mshazari, kutoka pembe hadi pembe. Zizidishe kwa 2.54 upate sentimita, kisha zidisha mara moja na nusu. Huo ndio umbali wa karibu wa kukaa bila kuchosha macho na shingo. Runinga ya inchi 32 inahitaji mita 1.2, ya 43 inahitaji mita 1.65, ya 55 inahitaji mita 2.1, na ya 65 inahitaji karibu mita 2.5. Anayependa kutazama habari na mawaidha zaidi kuliko filamu anaweza kukaa mbali zaidi ya hapo bila hasara yoyote.

Umbali hupimwa kutoka machoni, wala si kutoka ukuta wa nyuma. Hapo ndipo tulipokosea. Tulitundika skrini kwenye ukuta mrefu, tukatazama upana wa chumba, tukasema mita 3 zinatosha. Lakini kabati la chini ya runinga na kibano chake vilikula sentimita 30, na kochi pamoja na mgongo wa mtu vikala 60. Zilizobaki ni mita 2.1. Tulikuwa na skrini ya 65 mahali pa skrini ya 55, na watoto waliokaa mkekani walikuwa karibu zaidi ya hapo. Walianza kulalamika kichwa, nasi tukadhani ni joto.

Kimo nacho kina kanuni nyepesi: katikati ya skrini pawe sawa na macho ya mtu aliyeketi, au chini kidogo. Mtu wa kochini macho yake huwa kama mita 1.05 kutoka sakafuni. Mtu wa mkekani kama sentimita 75. Nyumba yenye wote wawili ichukue katikati, kama sentimita 90. Mafundi wengi hutundika juu sana kwa mazoea ya hotelini, ambako wateja hutazama wakiwa wamesimama au wako mbali. Nyumbani, skrini iliyo karibu na dari huwafanya watu wakae saa mbili na shingo imeinuliwa, na anayeumia kwanza ni mwenye umri mkubwa.

Projekta ina hesabu yake. Zilizo nyingi huhitaji kukaa umbali wa mara moja na nusu ya upana wa picha: picha ya upana wa mita 2 huhitaji mita 3 kutoka kwenye kioo cha projekta hadi ukutani. Katika sebule ya mita 3.9 inawezekana, ikifungwa juu ya vichwa vya waliokaa nyuma. Lakini projekta hudai giza, na giza ni adimu katika ghorofa yenye taa ya ulinzi dirishani usiku kucha na familia inayohitaji kuingia na kutoka. Kwa nyumba nyingi za Eastlands runinga ya kadiri hufaa zaidi.

Sauti haina mlango

Picha hukaa ndani ya chumba, sauti haikai. Sauti nyembamba, kama ya maneno na ya kengele, huzuiwa kiasi na ukuta wa jiwe, pazia na kabati lililojaa nguo. Sauti nene ya sabufa haizuiwi na vitu hivyo. Huingia katika jiwe lenyewe na katika zege la sakafu, ikatembea hadi kwa jirani wa pembeni, wa juu na wa chini. Ndiyo maana jirani husikia ngoma bila maneno, jambo linalochosha kuliko kusikia vyote viwili.

Ikiwa mna spika tano, tatu huwekwa mbele na mbili pembeni, nyuma kidogo ya masikio ya watazamaji. Ya katikati mbele ndiyo hubeba karibu maneno yote, kwa hiyo iwe chini ya skrini kabisa na ielekezwe kwenye nyuso, isifungiwe ndani ya kabati. Mbili za kushoto na kulia zitengane kwa masafa yasiyozidi umbali wa watazamaji kutoka kwazo. Chumba kikiwa chembamba mno kwa spika za nyuma, acheni. Spika moja ndefu ya chini ya skrini, ikiwa nzuri, hutosha kwa sebule ya mita 3.

Sabufa ndiyo yenye hukumu. Ikiwekwa pembeni kwenye makutano ya kuta mbili, ngurumo huongezeka sana, na wengi huiweka hapo kwa kuwa ndipo penye nafasi. Yetu ilikaa katika pembe ya ukuta wa jirani. Iondoeni pembeni, isiguse ukuta wa pamoja, na ikiwezekana iwe karibu na kochi, kwa sababu iliyo karibu na msikilizaji haihitaji kufunguliwa sana. Kipande kizito cha mpira au sponji ngumu chini yake hupunguza kidogo mtetemo wa sakafu, ingawa hakiuondoi. Dawa ya kweli ni mkono unaopunguza sauti.

Zulia zito, mapazia na makochi ya kitambaa husaidia ndani ya chumba: huondoa mwangwi, maneno yakasikika waziwazi, na mkapata kusikia vizuri kwa sauti ya chini. Sakafu tupu ya vigae huwalazimisha watu kuongeza sauti ili waelewe maneno. Zulia, kwa hiyo, ni sehemu ya mitambo yenu.

Jambo moja halina fundi: mwendee jirani. Siku ya kufunga, mwombe mtu mmoja akae upande wa pili wa ukuta huku nyinyi mkipandisha sauti taratibu. Atakapoanza kusikia ngoma, wekeni alama kwenye kipimo cha sauti, nayo iwe mpaka wa nyumba. Kipimo hicho huchukua dakika kumi. Mafundisho ya haki ya jirani tumeyasikia tangu chuoni, na wengi wetu twaweza kuyasoma kwa moyo. Kumbe utekelezaji wake wakati mwingine ni alama ndogo ya kalamu kwenye rimoti.

Chumba kimoja cha futi kumi kwa kumi

Familia nyingi, hasa zinazoanza maisha, hukaa chumba kimoja cha futi kumi kwa kumi Majengo, Dandora, Kayole au Eastleigh. Nazo zina haki ya burudani ya staha. Chumba hiki ni cha mraba, na mraba ndio umbo gumu zaidi kwa sauti nene. Mawimbi ya sauti huenda na kurudi kati ya kuta, na kuta zinapokuwa na umbali sawa pande zote mbili, hapa mita 3.05, mngurumo ule ule hujirundika mara mbili. Ndipo mtu asikiapo mvumo mzito mahali pamoja na karibu asisikie kitu akisogea hatua moja. Katika chumba hiki sabufa haina kazi. Ikaeni bila hiyo.

Runinga ya inchi 32 inatosha: upana wake ni kama sentimita 71, na kitanda au kochi likiwa mita 1.2 hadi mita 2 kutoka kwayo, mmeketi panapofaa. Itundikeni ukuta ulio mkabala na kitanda au na mkeka, si juu ya jiko wala karibu na mvuke wa chungu. Meza ya mtoto ya kusomea iwe upande ambao akiinama kwenye daftari haioni skrini. Na patikane kitambaa cha kuifunika, kwa sababu chumba kimoja ni sebule, madrasa, msikiti na chumba cha kulala, na kila saa ina haki yake. Skrini isiyofunikwa hudai saa zote.

Nafasi ya wanawake

Kuna swali ambalo wauza runinga hawaulizi: usiku wa mechi, wanaume wanane wakiwa wamejaa sebuleni, mama na mabinti wako wapi? Katika nyumba nyingi jibu ni jikoni, au wamejifungia chumbani mpaka dakika ya tisini. Fedha za nyumba nzima zimenunua mtambo, kisha nusu ya nyumba imefukuzwa nao.

Wazee wetu walilifikiria jambo hili. Zanzibar na miji mingine ya pwani, katika siku za majumba ya sinema, kulikuwa na maonyesho ya wanawake peke yao, nao waliyajaza wakiwa na mabuibui yao na watoto wao. Baadaye video ilipoingia majumbani, Lamu ikawa mfano mwingine: mtafiti Minou Fuglesang alichapisha mwaka 1994 kitabu kuhusu wasichana wa huko, na humo alieleza jinsi kutazama filamu pamoja nyumbani kulivyokuwa sehemu ya maisha yao. Hatutaji haya ili kusifu kila filamu iliyotazamwa. Twayataja kwa kuwa yaonyesha kwamba wakati na mahali pa wanawake vilipangwa makusudi, havikuachwa viwe makombo ya ratiba ya wanaume.

Katika sebule ya mita 3 kwa 3.9 hakuna vyumba viwili, lakini zipo njia tatu. Ya kwanza ni ratiba: siku zilizo za akina mama na mabinti zijulikane na kila mtu, na siku hizo rafiki wa kiume asibishe hodi. Ya pili ni pazia la mlango, zito na refu hadi chini, lililotangulizwa hatua moja ndani ili anayefungua mlango wa nje asione waliokaa. Ya tatu ni njia ya siri: anayetoka chumbani kwenda jikoni au chooni aweze kupita bila kukatiza mbele ya wageni. Ikiwa mpangilio wenu haumpi binti njia hiyo, basi mmemfungia chumbani hata kama hamkukusudia.

Umeme, skrubu na watoto

Haya tutayapitia kwa haraka, ingawa hayapaswi kudharauliwa. Umeme wa mitaani hukatika na kurudi kwa nguvu, na kishindo hicho huunguza mitambo. Nunueni kifaa cha kulinda runinga kinachosubiri umeme utulie kabla ya kuupitisha. Msiunganishe runinga, friji, pasi na birika kwenye waya mmoja wa kuongezea, na waya wowote usipite chini ya zulia, kwa kuwa ukipata joto hakuna atakayeuona.

Kabla ya kutundika, gongeni ukuta. Kuta za ndani za ghorofa nyingi ni nyembamba kuliko za nje, na nyingine ni za tofali lenye uwazi katikati. Fundi achague skrubu zinazofaa ukuta huo na kibano kinachobeba uzito mkubwa kuliko wa runinga. Ikiwa mmepanga, ombeni ruhusa ya mwenye nyumba kwanza. Runinga isiyotundikwa, inayosimama juu ya kabati, ni hatari kwa mtoto anayejifunza kupanda: hushika droo, akavuta, na kabati lote likamwangukia pamoja na runinga. Fungeni vyote viwili ukutani kwa mkanda.

Tulivyogeuza sebule

Msomaji atauliza tulifanya nini baada ya yule binti kubisha hodi. Usiku ule tulizima sabufa na kuchomoa waya wake. Asubuhi akina mama wa nyumba walikwenda kumwona jirani wakiwa na sahani ya vitumbua, wakamwomba radhi. Alicheka kidogo, akasema: "Hamkujua, wanangu. Ukuta nao hausemi." Maneno hayo yalituuma kuliko kama angetukaripia, kwa sababu tulijua. Tulijua yuko wapi na yuko katika hali gani, ila hatukupata kuuliza sauti yetu inaishia wapi.

Jumamosi iliyofuata tulichora sakafu kwa chaki. Hatukununua kitu kipya isipokuwa pazia mbili na zulia. Skrini tuliiondoa ukuta mrefu wa magharibi, ambao ni wa jirani, tukaihamishia ukuta mfupi wa kusini, ambao nyuma yake ni jiko letu wenyewe. Mlango wa kwenda jikoni na vyumbani huchukua sentimita 80 za ukuta huo, zikabaki mita 2.2, na skrini yetu ina upana wa mita 1.44, ikaenea. Kochi tulilipeleka upande wa dirisha la kaskazini, tukaliacha sentimita 30 mbali na ukuta, kwa kuwa kichwa kikigusa ukuta wa nyuma ngurumo huzidi. Umbali wa macho ukawa mita 2.7. Skrini ile ile iliyokuwa kubwa kupita kiasi ikawa imepata kadiri yake.

Kwa kuwa dirisha sasa liko nyuma yetu, pazia zito hufungwa mchana wakati wa kutazama. Milango yote miwili iko pembe moja ya kusini mashariki, hivyo wapitao hawakatizi mbele ya mtu. Katikati pamebaki mahali pa safu mbili za mswala, na tukiswali skrini iko mgongoni. Mechi zina siku zake na akina mama wana siku zao, zimeandikwa kwenye karatasi ukutani. Sabufa ilirudishwa mwezi mmoja baadaye, karibu na kochi, na rimoti ina alama ya kalamu ambayo hata vijana hawaivuki.

Bibi amerudi. Kiti chake kiko mwisho wa kochi, upande usiopitwa, na yeye ndiye hukumbusha kuzima ifikapo saa nne.

Jirani yetu alipomaliza eda alikuja kutushukuru. Tulimkaribisha sebuleni, tukamwonyesha ulipokuwa ukuta wa kelele, na sasa una kabati la vitabu tu. Aliupapasa kwa kiganja, akatikisa kichwa, kisha akakaa kando ya Bibi wakanywa kahawa. Skrini ilikuwa imefunikwa, na hakuna aliyeikumbuka.

Nawe mwenye kuweka akiba leo kwa ajili ya sinema ya nyumbani, Mwenyezi Mungu akujaalie uipate. Ila kabla ya kwenda dukani nunua chaki, piga magoti sakafuni, na uanze na waliomo ndani. Kisha inuka, ubishe hodi upande wa pili wa ukuta.